Kuongeza saa tatu si kujua wakati

Mtu akilipa ada ya serikali kwa simu saa saba ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, malipo yake ni ya mwaka upi wa fedha? Karani yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atajibu bila kusita kwamba ni ya mwaka mpya, kwa kuwa bajeti za nchi hizi huanza kutumika tarehe hiyo na saa sita za usiku zimeshapita. Seva iliyopokea malipo inaweza kujibu vingine kabisa. Ikiwa saa yake imewekwa katika UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu, kwake bado ni saa nne usiku, tarehe 30 Juni. Ripoti inayokusanya malipo ya siku kwa kutazama tarehe ya seva italitia fungu hilo katika mwaka uliokwisha. Na si usiku huo tu: kila siku, kuanzia saa sita hadi saa tisa za usiku, kila muamala utaandikwa jana. Hakuna kitakachozimika, hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea. Hesabu zitajumlishwa sawasawa, ila katika siku isiyo yake.

Makosa ya namna hii hayamalizwi kwa kumlaumu fundi mmoja. Yanatokana na mazoea ya kuichukulia saa ya kompyuta kama kitu kimoja, ilhali programu huitumia kwa kazi tatu zisizofanana. Kuna kupima muda uliopita kati ya jambo na jambo. Kuna kuandika ni lini hasa jambo lilitokea, ile alama ambayo hapa nitaiita muhuri wa saa. Na kuna kutaja wakati ambao watu wameuafiki: miadi ya kliniki, siku ya kuzaliwa, mwisho wa kupokea maombi ya kazi. Kila kazi ina kanuni zake, na kanuni ya moja huiharibu nyingine. Eneo letu halisogezi saa mbele wala nyuma kwa majira, na utulivu huo umetuzoesha kuamini kwamba kazi zote tatu humalizwa kwa kuongeza saa tatu. Naandika nikiwalenga wanaofundisha uandishi wa programu, na zaidi wanaozinunua: wizara, benki, vyama vya akiba na mikopo, vyuo na hospitali. Imani hiyo inatugharimu, na tunaweza kuiacha.

Kwanza, mashine inahesabuje? Mifumo mingi ya leo huhifadhi wakati kama namba moja tu: sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 ilipoanza kwa UTC. Namba hiyo haina mji, haina kalenda, haina asubuhi wala jioni. Ndiyo maana simu iliyosahau saa yake, au fomu ambayo sehemu ya tarehe iliachwa tupu ikajazwa sifuri, hapa kwetu huonyesha 1 Januari 1970, saa 03:00, na mjini New York huonyesha jioni ya 31 Desemba 1969. Sifuri ni ileile. Mahali inaposomwa ndipo panapotofautiana. Kugeuza namba hiyo kuwa tarehe ya kusomeka kunahitaji kujua ni wapi, na kila mahali pana historia yake ya sheria na amri za serikali kuhusu saa. Kuhesabu sekunde kutoka chanzo kimoja kulikuwa uamuzi wa busara, na umetufaa kwa zaidi ya miaka hamsini. Tatizo huanza pale mwandishi wa programu anapoichukua namba hiyohiyo kujibu kila swali linalohusu wakati.

Kwenye swali la muda uliopita, ushahidi ulio wazi kuliko mwingine ulipatikana mwaka mpya wa 2017. Dunia haizunguki kwa mwendo uleule daima, hivyo tangu 1972 UTC imeongezewa sekunde 27, moja moja, ili isiachane na jua. Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa 31 Desemba 2016, ambapo kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa tisa ya usiku wa kuamkia Januari mosi. Mifumo mingi ya kompyuta imeafikiana kwamba siku ina sekunde 86,400 basi, haina pa kuiandika ya ziada. Kwa hiyo hurudia sekunde iliyotangulia, na saa inarudi nyuma. Kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi duniani huitegemea ili zipatikane, ilikuwa na programu ya kutafuta anwani za intaneti iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Programu hiyo ilipima muda ambao seva nyingine zilichukua kujibu, kwa kutoa saa ya kuuliza kwenye saa ya kujibiwa. Sekunde iliporudiwa, jibu likaonekana limefika kabla ya swali kuulizwa. Tofauti ikashuka chini ya sifuri, na namba hiyo hasi ikapelekwa kwenye kitendo cha kuchagua namba kwa bahati nasibu, ambacho hakipokei namba hasi hata kidogo. Baadhi ya maombi yakaanza kushindwa. Dawa ya usiku ule ilikuwa alama moja katika msimbo: palipoulizwa kama namba ni sawa na sifuri, pakaulizwa kama ni sifuri au chini yake. Kampuni iliyaeleza haya yote hadharani, na wanafunzi wa programu popote walipo wana haki ya kusomeshwa maelezo yale.

Alama ile moja ilifunga tundu, chanzo kilibaki. Chanzo ni kwamba saa iliyotumika kupima muda ni ile inayoruhusiwa kusahihishwa. Saa ya tarehe lazima isahihishwe, la sivyo itakuwa ya uongo, na kila inaposahihishwa inaweza kuruka mbele au kurudi nyuma. Kompyuta ya kisasa ina saa ya pili isiyojua tarehe wala mwaka, ambayo kwa kawaida huhesabu tangu mashine ilipowashwa na hairudishwi nyuma. Hiyo ndiyo ya kupimia. Lugha ya Python iliiweka wazi kwa waandishi wake katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Go ilifuata njia ya aina yake katika toleo la 1.9, lililotoka Agosti 2017: ukiuliza sasa ni saa ngapi, unapewa usomaji wa saa zote mbili ukiwa umefungwa pamoja, na ukitoa wakati mmoja kwenye mwingine lugha yenyewe hutumia ile isiyorudi nyuma. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwa sababu uliziponya programu nyingi bila kubadilisha hata mstari wao mmoja. Hata hivyo, thamani hiyo ikihifadhiwa kwenye faili au ikitumwa kwa mashine nyingine, usomaji wa saa ya pili hudondoshwa, maana nje ya mashine iliyoihesabu hauna maana yoyote. Mwandishi asiyejua kwamba alikuwa ameshika saa mbili hatajua pia kwamba amebaki na moja.

Na saa ya kupimia nayo ina masharti yake, ambayo yalidhihirika kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na wanajeshi 28 waliuawa kambini. Mtambo ulihesabu sehemu za kumi za sekunde tangu kuwashwa, kisha ukazigeuza kuwa sekunde kwa kuzidisha na moja ya kumi. Sehemu hiyo haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta, kama vile moja ya tatu isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, na nafasi ya biti 24 ililazimisha mkia wake ukatwe. Baada ya saa 100 hivi za kufanya kazi mfululizo, makombo yale yalikuwa yamefikia kama theluthi moja ya sekunde. Scud husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo. Kinachoumiza zaidi ni kwamba kasoro ilikuwa imeshajulikana. Waisraeli walikuwa wametoa taarifa tarehe 11 Februari, na tarehe 21 watumiaji walitumiwa onyo kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta hitilafu, bila kuambiwa mrefu sana ni kiasi gani. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo vile.

Huenda msomaji akasema kwamba sekunde za ziada zinaondolewa, kwa hiyo hadithi ya mwaka 2017 ni ya makumbusho. Ni kweli kwamba mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua Novemba 2022 kwamba utaratibu huo ubadilishwe kufikia mwaka 2035. Ila saa hurudi nyuma kwa sababu nyingine nyingi zisizohitaji mkutano wowote. Seva iliyotangulia kidogo husahihishwa na mtandao. Mashine ya kukodi husimamishwa kwa dakika kadhaa kisha huendelea. Mwenye simu huibadilisha tarehe kwa kidole chake. Programu inayohesabu muda wa mtihani wa mtandaoni kwa kutumia saa ya tarehe humpunguzia au humwongezea mtahiniwa dakika bila yeye wala msimamizi kujua, na hilo linaweza kutokea leo jioni.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka hapa nyumbani: saa za Afrika Mashariki ni UTC jumlisha tatu, mwaka mzima, kwa hiyo mambo ya kanda za saa na historia zake tuwaachie wanaosogeza saa zao kila Machi na Oktoba. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni sahihi kwa miji yetu mikubwa kwa sasa. Haikuwa sahihi siku zote. Hifadhidata ya kimataifa ya kanda za saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kuendelezwa na Paul Eggert, na ambayo karibu kila simu na seva duniani huitegemea, imeandika kwamba hadi mwaka 1908 Nairobi ilifuata jua lake yenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kisha ikawa saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikawa tatu. Mwanzoni mwa 1930 ikarudi mbili na nusu. 1937 ikawa mbili na dakika 45. Na Agosti 1942 ikatulia kwenye tatu. Ni vizuri kujua pia kwamba katika hifadhidata hiyo Dar es Salaam na Kampala leo ni majina mengine tu ya Nairobi, kwa kuwa miji ambayo saa zake zinalingana tangu 1970 huunganishwa. Anayetafuta saa ya Dar es Salaam ya mwaka 1950 humo kwa kawaida atapewa historia ya Nairobi.

Historia hiyo hailali vitabuni. Kwa miaka mingi waandishi wa Python walitumia maktaba ya msimbo iitwayo pytz, na wengi bado wanaitumia. Ukiandika kikao cha saa nne kamili asubuhi mwaka huu, ukakibandika kanda ya Nairobi kwa njia inayoonekana ya kawaida kabisa, maktaba hiyo hukipa kikao tofauti ya kwanza iliyoandikwa kwenye orodha ya mji, yaani saa 2 na dakika 27. Programu inakigeuza kikao kuwa saa 07:33 kwa UTC, inakihifadhi, kisha inakirudisha kwenye skrini kwa tofauti sahihi ya leo: 10:33. Kikao kimesogea dakika 33, kwa sababu jua la Nairobi la kabla ya 1908 limeingia katika ratiba ya leo. Maelekezo ya maktaba yanataja njia nyingine iliyo sahihi, na tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 Python ina chombo chake kisicho na mtego huo. Lakini anayejua kwamba sisi ni jumlisha tatu tu hawezi hata kukisia dakika 33 zimetoka wapi. Atazifuta kwa mkono na kuendelea.

Nusu ya pili ya pingamizi, kwamba kanda za saa ni za wengine, haisimami tena tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopanuka. Kinshasa ni jumlisha moja. Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kigali, Bujumbura na Juba ni jumlisha mbili. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Mogadishu ni jumlisha tatu. Lori linaloondoka upande wa Tanzania pale Rusumo saa nane mchana na kupokelewa upande wa Rwanda dakika ishirini baadaye litaandikwa limeingia saa saba na dakika ishirini, na mfumo wa forodha usioandika kanda utaona limefika kabla ya kuondoka. Familia zilizotawanyika kati ya Mombasa, Zanzibar na Muscat hupigiana simu kila wiki zikikumbuka kwamba Oman imetutangulia kwa saa moja. Programu zetu hazina udhuru wa kusahau. Na serikali za jirani hubadilisha saa kama serikali nyingine. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya tangu 2016, iliacha jumlisha tatu ikarudi jumlisha mbili tarehe 1 Februari 2021. Toleo la hifadhidata lenye badiliko hilo lilitoka wiki moja tu kabla. Usiku ule mjini Juba, saa nzima kati ya saa tano na saa sita za usiku ilipita mara mbili. Muamala ulioandikwa 23:30, tarehe 31 Januari, bila kutaja ni kwa tofauti ipi, hakuna mkaguzi awezaye kusema kwa hakika ulifanyika lini.

Kuna kasoro nyingine inayotuuma sisi kuliko wengine, na inafaa kutazamwa kwa karibu kwa kuwa imo katika fomu nyingi. Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa za tovuti, ilitengenezwa kwa haraka mwaka 1995 na ikarithi kutoka Java namna ya kushughulikia tarehe ambayo Java yenyewe iliibadilisha kwa vyombo bora katika toleo lake la nane la mwaka 2014. Katika mtindo ule wa zamani hakuna tarehe tupu; kila tarehe ni lazima iwe sekunde fulani. Mzazi akichagua kwenye kalenda kwamba mtoto alizaliwa 5 Machi, kivinjari cha simu yake huelewa saa sita ya usiku inayoianza tarehe 5 Machi kwa saa ya hapa. Msimbo unaofuata huigeuza kuwa UTC ili itumwe, nayo inakuwa saa tatu usiku ya tarehe 4. Seva inakata sehemu ya saa kwa kuwa haina kazi nayo, na mtoto amezaliwa siku moja mapema. Msimbo huohuo ukijaribiwa New York hautaonyesha kosa, kwa sababu saa sita ya usiku ya kule bado ni tarehe ileile kwa UTC. London nayo haitaliona wakati wa baridi. Mfano uliojaribiwa huko na kufanya kazi vizuri hunakiliwa huku na kuharibu tarehe za kuzaliwa za watu ambao watahitaji vyeti vyao vilingane na vitambulisho vyao maisha yao yote. Siku ya kuzaliwa haina saa wala kanda. Ni siku, mwezi na mwaka, na lugha yoyote inayotaka kuigeuza kuwa sekunde inapaswa kunyimwa nafasi hiyo.

Waandishi wazoefu wana jibu lao kwa haya yote: hifadhi kila kitu kwa UTC, geuza wakati wa kuonyesha tu. Kwa jambo lililokwisha kutokea ni ushauri bora, na nauunga mkono. Malipo, kuingia kwenye mfumo, kipimo cha maabara: vyote viandikwe kwa UTC, na kanda ya mahali iandikwe pembeni. Kwa jambo lijalo ushauri huo unavunjika. Machi 2023, serikali ya Lebanon ilitangaza siku mbili tatu kabla kwamba saa hazitasogezwa mbele hadi Ramadhani iishe. Kanisa la Wamaroni na baadhi ya vituo vya televisheni na shule wakakataa, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili. Tarehe 27 serikali ikabatilisha uamuzi wake. Wasimamizi wa hifadhidata ya kanda walitoa toleo la kufuata tangazo la kwanza, kisha siku chache baadaye lingine la kulifuta. Chukua sasa mgonjwa wa Beirut aliyepangiwa daktari wiki ile, saa tatu asubuhi. Ikiwa mfumo ulihifadhi miadi kama sekunde fulani ya UTC, saa yake ya kliniki ilihama pamoja na kila tangazo. Ikiwa ulihifadhi maneno aliyoambiwa, yaani saa tatu asubuhi, tarehe fulani, Beirut, ilibaki ilivyo. Wakati ujao ni ahadi kati ya watu, na ahadi huwekwa kwa saa ya ukutani ya mahali pake. Kuigeuza mapema kuwa UTC ni kukisia kwamba serikali haitabadili mawazo.

Swali jingine ambalo UTC peke yake hailijibu ni saa ya nani. Wakala wa vijijini anayepokea fedha mtandao ukiwa chini, mhudumu wa afya anayejaza fomu kwenye kishikwambi na kuituma akifika mjini, wote wanatumia saa ya kifaa ambacho mwenyewe anaweza kukiwekea tarehe yoyote. Kumbukumbu ya haki huandika mihuri miwili, wa kifaa na wa seva ilipopokea, na haiufuti mmoja kwa ajili ya mwingine. Panapotokea mgogoro, pengo kati ya mihuri hiyo ni ushahidi, na anayejenga mfumo unaohifadhi mmoja tu ameamua kesi kabla haijafunguliwa.

Kuhusu saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu mawio na machweo, wapo wanaotaka iachwe ili mambo yawe mepesi. Sikubaliani nao. Hakuna sababu ya kuihifadhi kwenye hifadhidata, lakini skrini na ujumbe mfupi huandikiwa watu. Ujumbe wa hospitali unaosema "fika saa 2:00" unaweza kusomwa kama saa mbili asubuhi au saa nane mchana, na mgonjwa anayekuja saa nane amepoteza nauli na zamu yake. Kuandika "saa 2 asubuhi (08:00)" kunachukua herufi chache zaidi na hakuachi shaka. Vivyo hivyo kwa tarehe: watu wa pwani wanaohesabu siku kuanzia magharibi huita usiku wa Ijumaa ule ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi usiku, na programu ya ratiba za ibada isiyolijua hilo itawaita watu usiku usio wenyewe.

Itasemwa kwamba kampuni ndogo za programu hazina muda wala fedha za kushughulikia yote haya. Naelewa uzito wa bei, hasa kwa vijana wanaojenga mifumo kwa malipo madogo. Lakini vyombo vinavyohitajika vimo tayari ndani ya lugha wanazotumia, bila malipo. Kinachokosekana ni kuombwa wavitumie. Python ilipotangaza katika toleo la 3.12 la mwaka 2023 kwamba kitendo chake cha siku nyingi cha kutoa saa ya UTC bila kuitaja kanda kisitumike tena, haikumtoza mtu chochote. Mnunuzi ndiye mwenye uwezo wa kubadili mazoea, kwa kuandika katika hati ya zabuni siku ya hesabu inaanza saa ngapi na kwa saa za wapi, ni tarehe zipi zisizo na saa, na ni saa ya nani inayotambuliwa mgogoro ukitokea.

Namba nazo zina mwisho. Mfumo unaohifadhi sekunde kwa biti 32 utajaa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na baada ya hapo utasoma Desemba 1901. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo tayari unavuka tarehe hiyo, na jedwali lake la marejesho linachapishwa sasa. Wala si lazima kusubiri hadi 2038: tarehe 1 Januari 2022, seva za barua pepe za Microsoft Exchange zilikwama kwa sababu toleo la kichujio chao liliandikwa kama tarehe, 2201010001, namba iliyoizidi 2147483647 ambayo biti hizo zinaweza kubeba.

Kwa hiyo mnunuzi adai majaribio yafanyike mbele yake kabla ya kupokea mfumo. Saa ya majaribio iwekwe 1 Julai, nusu saa baada ya saa sita za usiku, kisha ripoti ya siku ichapishwe na kusomwa. Saa irudishwe nyuma sekunde moja wakati shughuli inaendelea. Mtumiaji mmoja awekwe Bukavu na mwingine Mwanza, wapange kikao kimoja na waandike tarehe ileile ya kuzaliwa. Mkopo ufunguliwe wenye rejesho la mwisho mwaka 2040. Fundi anayejua kazi yake hahitaji wiki nzima kuyapitia hayo, na yote yafanyike kabla ya awamu ya mwisho ya malipo kwa mkandarasi.